Pazia kwenye dirisha la plastiki: toboa ukuta, fremu iache

Mpangaji anayehamia fleti mpya mtaani Olympic huwa na kazi moja ya kwanza, hata kabla ya kupanga vyombo jikoni: kufunika dirisha. Majengo ya hapa yamekaribiana, na taa ikishawashwa jioni, jirani wa ng'ambo anaweza kuona hadi sufuria iliyo mezani. Kwa hiyo fundi anaitwa upesi, anafika na drili, na anatoboa pale anapoona ni rahisi zaidi: kwenye fremu yenyewe ya dirisha.

Kama fremu ni ya mbao, hilo si kosa kubwa. Kama fremu ni ya plastiki, ile nyeupe ya PVC ambayo imeanza kuonekana katika baadhi ya majengo mapya ya Nairobi, huenda kazi ya dakika kumi ikaharibu dirisha zima. Skrubu hulegea, reli huanguka, na siku ya kuhama mwenye nyumba huhesabu matundu mmoja baada ya jingine kabla ya kurudisha pesa za amana.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti majukumu ya vyuo vya ufundi, vituo vya ufundi wa nyumbani, malezi ya watoto, na huduma za zimamoto. Somo hili linagusa yote hayo. Limeandikwa kwa ajili ya mpangaji, kwa ajili ya fundi kijana anayeanza kazi, na kwa ajili ya mwenye nyumba anayetaka madirisha yake yadumu. Jambo kuu ni moja: pazia hubebwa na ukuta. Fremu ya plastiki ina kazi yake nyingine.

Ndani ya fremu mna nini

Madirisha ya plastiki yalianza kutengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1950. Yalipendwa kwa sababu hayaozi, hayapati kutu, na hayahitaji kupakwa rangi. Ukiitazama fremu kwa nje, unaona kitu kinene cha kutosha kubeba chochote. Lakini ukiikata katikati, utakuta ni mfululizo wa vyumba vyembamba vilivyo wazi, kama mzinga wa nyuki uliorefushwa. Ukuta wa plastiki wenyewe huwa na unene wa takriban milimita 2.5 hadi 3 tu. Hicho ndicho kiasi cha plastiki ambacho skrubu yako inakishika.

Katika fremu nyingi, chumba kimoja kina kipande cha chuma kilichoingizwa kiwandani ili kuipa nguvu. Chumba kingine, upande wa chini, ni mfereji: maji ya mvua yanayopenya pembeni mwa kioo huingia humo na kutoka nje kupitia vijitundu vidogo. Sehemu inayofunguka nayo ina mtambo wa chuma uliofichwa pembeni mwake, ule unaosukumwa na mkono wa dirisha unapofunga.

Sasa fikiria drili inayoingia humo bila mpango. Ikipita kwenye mfereji wa chini, maji yaliyokuwa yakitoka nje yanapata njia ya kuingia sebuleni. Ikigusa mtambo wa kufunga, dirisha linakwama. Ikipita kwenye ukanda unaoshikilia kioo, ncha inaweza kugusa ukingo wa kioo na kukipasua. Na ikifika kwenye kile chuma cha ndani, inaondoa sehemu ya kinga yake dhidi ya kutu na kuacha unyevu wa chumba ukifikie.

Kuna jambo la pili, nalo ni joto. Plastiki hurefuka na kufupika kuliko chuma. Chukua fremu yenye urefu wa mita 1.5. Asubuhi ya Julai ina baridi. Adhuhuri jua linaipiga, na joto la fremu linapanda kwa nyuzi 25. Fremu hiyo itarefuka kwa takriban milimita 2 hadi 3. Reli ya chuma yenye urefu huohuo itarefuka kwa chini ya nusu milimita. Ukizifunga pamoja kwa skrubu, kila siku vitu hivi viwili vinavutana. Miezi inapita, tundu linapanuka kidogo kidogo, na asubuhi moja unavuta pazia na breketi inabaki mkononi.

Tena PVC hulainika ikifika karibu nyuzi 80 za joto. Drili inayozunguka kwa kasi bila kupumzishwa huyeyusha kingo za tundu, na skrubu inaingia kwenye plastiki iliyoharibika tayari.

Tambua dirisha lako kwanza

Madirisha mengi mtaani bado ni ya chuma, na ya alumini yameongezeka. Usiamini rangi nyeupe peke yake, kwa sababu chuma na alumini pia hupakwa rangi nyeupe. Fanya majaribio matatu:

1. Gusa fremu asubuhi. Chuma na alumini huwa baridi mkononi. Plastiki haina ubaridi huo.
2. Gonga kwa kidole. Plastiki hutoa sauti nzito ya kitu kilicho wazi ndani.
3. Weka sumaku ndogo. Kwenye chuma hunasa kwa nguvu. Kwenye alumini hainasi kamwe. Kwenye plastiki inaweza kunasa kwa udhaifu, kwa sababu chuma kiko ndani, mbali kidogo na uso, au isinase kabisa.

Ukishajua ni plastiki, angalia linavyofunguka. Dirisha la kuteleza halisumbui pazia. Linalofunguka kuelekea ndani linahitaji nafasi: pazia likifungwa chini sana, bawa la dirisha litaligonga kila linapofunguliwa.

Pazia lako lina uzito gani?

Watu wengi hukadiria kwa macho, na macho hudanganya. Hebu tupige hesabu.

Dirisha la sebuleni lina upana wa mita 1.5. Ili pazia lipate mikunjo mizuri, kitambaa hukatwa mara mbili ya upana huo, yaani mita 3. Kutoka juu hadi karibu na sakafu ni mita 2.2. Zidisha 3 kwa 2.2, unapata mita 6.6 za mraba. Kitambaa kizito cha pazia kikiwa na gramu 300 kwa kila mita ya mraba, jumla ni karibu kilo 2. Ongeza lile pazia jepesi la ndani, karibu nusu kilo, kisha fimbo na pete zake, karibu kilo moja na nusu. Una kilo 4 juu ya dirisha.

Kilo 4 si nyingi. Tatizo ni kwamba breketi hutokeza mbele. Kama pazia linaning'inia sentimita 10 kutoka ukutani, na skrubu ya juu na sehemu ya chini ya breketi zimeachana kwa sentimita 4, skrubu ya juu haivutwi na uzito wa pazia tu. Inavutwa na uzito huo mara mbili na nusu. Breketi mbili zikigawana kilo 4, kila skrubu ya juu inavutwa nje kwa nguvu ya kilo 5.

Halafu anakuja mtoto wa miaka mitatu anayecheza kibe na kujificha nyuma ya pazia. Akijiangika hapo kwa kilo zake 14 upande mmoja, skrubu ile inavutwa kwa kilo 35 au zaidi kwa ghafla. Hiyo ndiyo siku ambayo plagi nzuri ndani ya jiwe hushika, na skrubu ndani ya milimita 3 za plastiki hung'oka.

Ikiwa pazia ni la mitumba kutoka soko la Toi, lipime kabla ya kununua fimbo. Mapazia ya mitumba mara nyingi ni mazito, yana kitambaa cha pili nyuma, na hayakukatwa kwa vipimo vya madirisha yetu. Muuza viazi mwenye mizani atakusaidia kwa dakika moja. Angalia pia kichwa cha pazia: lenye matundu ya pete kubwa linahitaji fimbo ya mviringo, lenye utepe wa kuvuta mikunjo na kulabu ndogo linafaa kwenye reli yenye vitelezi. Wengi hununua reli kisha wakagundua pazia lao haliwezi kuingia.

Soma ukuta wako

Fleti nyingi za Nairobi zimejengwa kwa mawe ya kuchonga na kupigwa plasta ya saruji. Juu ya dirisha kuna boriti ya zege inayobeba mawe ya juu, ambayo mafundi huiita lenta. Hapo ndipo breketi za pazia huangukia mara nyingi.

Mawe ya kuchonga ni rafiki. Hushika plagi vizuri, mradi plagi iingie kwenye jiwe lenyewe. Plasta huwa na unene wa karibu milimita 12 hadi 15, na peke yake haina nguvu. Plagi iliyoishia kwenye plasta itatoka pamoja na kipande cha plasta.

Lenta ya zege ni ngumu. Drili ya kawaida inayozunguka tu itapiga kelele na kuchoma ncha bila kuingia. Inahitajika drili yenye mgongo wa nyundo, inayozunguka huku ikigonga, na ncha maalumu ya zege. Ukikutana na nondo ndani, usilazimishe. Sogeza tundu sentimita 2 kando.

Matofali ya zege yenye matundu yanahitaji plagi ndefu inayofunguka ndani. Plagi fupi itazunguka bila kushika.

Nyumba ya mabati au ya udongo, kama zilivyo nyingi kutoka Olympic kuteremka kuelekea ndani ya Kibera, na vilevile upande wa Kawangware, haihitaji drili. Baadhi ya wakazi wameweka humo madirisha ya plastiki yaliyotolewa kwenye majengo mengine. Hapa kinachobeba ni nguzo na mbao za fremu ya nyumba. Gonga ukuta utafute mahali penye mbao, au pigilia ubao mrefu kutoka nguzo moja hadi nyingine juu ya dirisha, kisha ufunge breketi kwenye ubao huo. Usifunge kwenye bati tupu wala kwenye udongo.

Hatua kwa hatua

Vifaa: tepu ya kupimia, penseli, pima maji, drili, ncha ya milimita 6 au 8, plagi za ukubwa huohuo, skrubu, bisibisi, kitambaa cha kufunika sakafu, na miwani ya kukinga macho.

1. Pata ruhusa. Mwombe mwenye nyumba au keateka, na ruhusa iwe ya maandishi. Ujumbe wa simu unatosha. Piga picha ya ukuta na fremu kabla ya kuanza.

2. Pima. Weka alama ya breketi sentimita 10 hadi 15 juu ya uwazi wa dirisha, na sentimita 15 hadi 20 nje ya kila ukingo. Hivyo pazia likifunguliwa litakaa mbele ya ukuta, kioo kitabaki wazi, na chumba kitapata mwanga wote. Usitoboe chini ya sentimita 5 kutoka ukingo wa uwazi, kwa sababu plasta ya pembeni humeguka.

3. Hakikisha usawa. Tumia pima maji. Kama huna, jaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Maji katika ncha zote mbili hukaa kimo kimoja. Usipime kutoka dari pekee, kwa kuwa dari nyingi hazikunyooka.

4. Epuka nyaya za stima. Nyaya hupita ukutani kwa mstari wa wima au wa ulalo kutoka kwenye soketi na swichi. Usitoboe moja kwa moja juu, chini au kando ya swichi. Kama kuna taa ya ukutani karibu na dirisha, mwite fundi wa stima kwanza.

5. Toboa. Funga kipande cha utepe kwenye ncha ya drili ili ujue kina. Kwa plasta ya milimita 15 na plagi ya milimita 40, tundu liwe karibu milimita 60. Anza polepole, shika drili ikiwa imenyooka, kisha ongeza kasi. Vaa miwani. Fanya kazi hii mchana. Jirani mwenye mtoto mchanga atakushukuru.

6. Toa vumbi. Hatua hii hurukwa na wengi, nayo ndiyo huamua kazi nzima. Plagi ikiingia kwenye vumbi haigusi jiwe. Puliza kwa mrija au tumia pampu ya baiskeli, huku umefumba macho.

7. Ingiza plagi. Ipige kwa nyundo taratibu hadi ivuke plasta na kuingia ndani ya jiwe. Ikiingia kwa kidole bila kupigwa, tundu ni kubwa mno. Tumia plagi kubwa zaidi. Usijaze vijiti vya kiberiti wala karatasi.

8. Funga breketi. Kwa plagi ya milimita 6, skrubu ya unene wa milimita 4 hadi 5 inafaa. Kwa plagi ya milimita 8, tumia ya milimita 5 hadi 6. Urefu uwe wa kupita breketi, plasta na plagi yote. Kaza hadi breketi isitikisike, kisha acha. Ukizidisha, unaharibu uzi wa plagi.

9. Weka breketi ya katikati. Kwa fimbo inayozidi mita 1.5, breketi ya tatu katikati huzuia fimbo kupinda na huzipunguzia mzigo zile mbili za pembeni.

10. Jaribu kabla ya kutundika. Vuta fimbo kwa mkono kuelekea chini na kuelekea kwako. Ikiwa kuna mchezo wowote, rekebisha sasa. Usitundike pazia lililotoka kufuliwa likiwa bado linadondosha maji, kwa sababu uzito wake huwa mkubwa zaidi.

Ukuta usipokubali

Wakati mwingine mwenye nyumba hataki tundu lolote, au samani na mabomba yamejaa hadi kwenye ukingo wa dirisha. Zipo njia nyingine, ila kila moja ina kikomo chake.

Fimbo ya springi hubana kati ya kuta mbili za uwazi wa dirisha. Inafaa kwa pazia jepesi tu. Ibane kwenye kuta za pembeni, usiibane kati ya fremu na fremu, kwa sababu msukumo wake unaweza kuipindisha plastiki na dirisha likaanza kukataa kufunga.

Kulabu za gundi hushika vizuri kwenye plastiki laini iliyosafishwa kwa spiriti na kukauka. Zitumie kwa pazia jepesi lisilofika kilo moja, na usitundike kitu mpaka muda ulioandikwa kwenye pakiti upite. Jua kali na mvuke wa jikoni huidhoofisha gundi.

Breketi za kushika bawa huning'inia juu ya sehemu inayofunguka bila skrubu. Kabla ya kununua, hakikisha nafasi kati ya bawa na fremu inaitosha. Ikibana mpira wa kuzuia maji, mvua ya Aprili itakuonyesha ilipobana.

Dari hubeba vizuri kama ni zege, au kama skrubu imefika kwenye mbao zilizo juu ya dari. Dari ya bodi nyembamba pekee haibebi pazia.

Ubao wa kati ni suluhisho la zamani na bado ni zuri. Badala ya matundu sita ya breketi tatu, ubao mmoja hufungwa ukutani kwa skrubu tatu au nne ndefu, na breketi zote hufungwa kwenye ubao. Ukihama, matundu ya kuziba ni machache.

Na kama hakuna njia yoyote isipokuwa fremu? Basi kazi hiyo ifanywe na fundi anayeyajua madirisha ya aina hiyo, kwa idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, na baada ya kusoma masharti ya dhamana ya dirisha ikiwa ipo. Itobolewe fremu ya juu iliyotulia peke yake, kwa skrubu fupi za kushika kile chuma cha ndani, na kila tundu lizibwe kwa silikoni. Sehemu inayofunguka, fremu ya chini na ukanda unaoshikilia kioo visiguswe kabisa.

Fremu ikiwa imeshatobolewa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Toa skrubu zilizolegea. Angalia kama kuna michirizi ya kahawia kutoka kwenye tundu. Hiyo ni dalili kwamba chuma cha ndani kinapata maji. Kausha, safisha kwa spiriti, kisha jaza silikoni nyeupe ya madirisha na uilainishe kwa kidole chenye maji ya sabuni. Usipanue tundu ili kuweka skrubu nene zaidi. Kama maji yanaingia chumbani mvua inaponyesha, au dirisha limeanza kukwama, mjulishe mwenye nyumba mapema. Kasoro ndogo inayotajwa leo ni nafuu kuliko fremu nzima ya kesho.

Watoto, moto na grili

Reli zinazofunguliwa kwa kamba zina hatari ambayo wazazi wengi hawaifikirii. Kamba inayoning'inia yenye kitanzi inaweza kumnyonga mtoto mdogo kwa dakika chache, kimya kimya. Funga kamba kwenye kulabu ya ukutani isiyopungua mita 1.5 kutoka sakafuni, na usiweke kitanda cha mtoto wala kiti karibu na dirisha lenye kamba. Kama unaweza kuchagua, nunua pazia lisilo na kamba.

Moto ni jambo la pili. Katika chumba kimoja chenye kitanda, meza na jiko, pazia huwa karibu na mwali kuliko tunavyodhani. Upepo ukiingia dirishani, kitambaa kinaweza kufika kwenye stovu au mshumaa uliowashwa stima ilipopotea. Karibu na jiko, tumia pazia fupi linaloishia kwenye kingo ya dirisha. Fahamu pia kwamba PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaowasha macho na koo. Ukiona fremu inaungua, usibaki kuipigania. Toa watu nje kwanza.

Jambo la tatu ni grili. Watu wengi hufunga fimbo ya pazia kwenye grili kwa waya, kwa sababu ni rahisi na hakuna tundu. Kwa pazia jepesi haina ubaya. Lakini kama grili hiyo ina mlango mdogo wa kutokea wakati wa dharura, fimbo na waya visiuzibe. Pazia liweze kusukumwa kando kwa mkono mmoja gizani, na ufunguo uwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua.

Matundu na pesa za amana

Migogoro mingi ya amana haitokani na ubaya wa moyo. Hutokana na kukosa kumbukumbu. Siku ya kuingia, zunguka nyumba na keateka, mpige picha kila dirisha, na mkubaliane kwa maandishi ni kasoro gani zilikuwepo. Ukiomba ruhusa ya kutoboa, uliza pia matundu yatazibwaje siku ya kuhama. Matundu ya ukutani huzibwa kwa kijazio cha plasta na rangi kidogo. Tundu la fremu ya plastiki huzibwa, lakini alama haiishi. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mwenye nyumba huilipisha.

Mkishindwa kuelewana, Baraza la Kudhibiti Kodi za Nyumba, lililo chini ya Sura 296 ya Sheria za Kenya, hushughulikia nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kodi ya fleti nyingi imevuka kiwango hicho. Kwa hizo, mpangaji anayedai pesa zake anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60, na unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili. Huko, picha na ujumbe wa ruhusa vina uzito kuliko maneno matupu.

Jipime

Kabla ya kumwita fundi, jibu maswali haya sita:

- Je, nimehakikisha fremu ni ya plastiki, ya chuma au ya alumini?
- Pazia langu, fimbo na pete, vina kilo ngapi kwa jumla?
- Ukuta wa juu ya dirisha ni jiwe, zege, tofali lenye matundu au mbao?
- Nyaya za stima zinapita wapi?
- Ruhusa ya mwenye nyumba iko wapi, na picha ziko wapi?
- Mtoto akijiangika kwenye pazia hili leo, nini kitamwangukia?

Fundi akifika, muulize swali moja tu kabla hajachomeka drili: "Unatoboa wapi?" Akionyesha ukuta, mwache aendelee. Akionyesha fremu, mpe somo hili alisome kwanza.